Hofu isichapwe viboko: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu watoto wenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo iitwayo autism kwa Kiingereza) wanaosoma madarasa ya kawaida katika shule zetu za serikali, na hasa kuhusu jambo linalowatoa shuleni kabla hata ya uhaba wa vitabu na madawati. Jambo hilo ni hofu. Mimi ni mama wa mmoja wao. Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la nne hapa Morogoro. Kiswahili anasoma kama maji, Kiingereza anajikongoja nacho vizuri, na hesabu za kugawanya anazimaliza kichwani wakati mimi bado natafuta kalamu. Lakini mwaka huu, asubuhi nyingi zimepita bila yeye kuvuka geti la shule.

Najua shule za msingi zinasimamiwa na TAMISEMI kupitia halmashauri. Nimekuandikia wewe kwa sababu sera, mitaala, nyaraka za elimu na mafunzo ya walimu vinaanzia wizarani kwako, na ninachokuja kuomba ni waraka.

Niieleze kwanza hofu yenyewe. Ukimwambia mtu kwamba mtoto anaogopa shule, atadhani ni ule woga wa wiki ya kwanza ya darasa la kwanza, ambao huisha mtoto akishapata rafiki wa kucheza naye. Huu ni mwingine. Tafiti za nchi mbalimbali zikiunganishwa zinaonyesha kuwa kati ya watoto 10 wenye usonji, karibu 4 wana wasiwasi uliofikia kiwango cha kuitwa ugonjwa na kuhitaji tiba. Baadhi ya vyanzo vyake vinajulikana. Kelele, mwanga mkali, harufu na kuguswaguswa, ambavyo mimi na wewe tunavizoea na kuvisahau, kwa wengi wao havizoeleki. Vinaingia vyote kwa pamoja na kwa nguvu ileile. Kisha kuna kutojua kitakachofuata. Mtoto mwenye usonji hutulia anapojua nini kinakuja baada ya nini, na ratiba ikivurugika bila taarifa, mwili wake unaitikia kama aliyekutana na nyoka njiani. Juu ya hayo, wengi wao hawawezi kutaja wanachokihisi. Mwanangu hajawahi kunitamkia kuwa anaogopa. Husema tumbo linauma, na husema hivyo kila Jumapili jioni, sare ikishapigwa pasi.

Kengele ya shule yao ni rimu la lori lililotundikwa kwenye mwarobaini, na hugongwa kwa kipande cha nondo. Darasa lake liko hatua chache tu kutoka kwenye mti huo. Saa za kengele anazijua zote kwa kichwa, kwa hiyo dakika kadhaa kabla haijagongwa anaacha kuandika, anaziba masikio kwa viganja na kuinamia dawati, anaisubiri. Nilikuja kulijua hili kupitia madaftari yake. Kipindi cha katikati ya asubuhi kazi yote ipo, mwandiko umenyooka. Kipindi kinachoishia kwenye kengele, mistari ya mwisho haipo, na chini yake kuna wino mwekundu: "Mzembe. Maliza kazi."

Siku moja mwalimu wao alikwenda semina, na darasa lao likaunganishwa na mkondo wa pili. Hakuna aliyewaambia mapema, na kwa watoto wengine haikuwa na shida. Ilikuwa furaha tu ya kubanana na marafiki. Yeye aliingia chini ya dawati. Alipovutwa mkono atoke, alipiga mayowe na kurusha mikono, na mkono ukampata mwalimu. Nilipoitwa, neno nililolikuta mezani lilikuwa kiburi, na adhabu ilikuwa imeshatolewa.

Mheshimiwa, hapo ndipo lilipo tatizo lote. Mtoto huyu yuko kama aliyefikwa na moto, anatafuta pa kujificha. Mtu mzima anayemtazama anaona utovu wa nidhamu, na dawa iliyo karibu naye ni fimbo. Fimbo inamfundisha mtoto kitu kimoja tu, kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Wala si lazima achapwe yeye. Asubuhi wachelewaji wanapangwa mstari karibu na geti na kuchapwa mbele ya wenzao. Mwanangu hajachelewa hata mara moja, maana kuchelewa nako anakuogopa, lakini lazima apite pale, asikie mlio na kilio, ndipo aingie darasani akaambiwe afungue kitabu cha Sayansi. Kuna siku aliingia akiwa amejikojolea.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi fimbo nne, na iandikwe kwenye kumbukumbu za shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumrudi mtoto kwa namna isiyolingana na umri wake na hali ya mwili na akili yake. Mimi nisingependa mtoto yeyote wa nchi hii achapwe shuleni, na hilo nalisema wazi. Lakini hata kwa anayeamini katika fimbo, sheria tuliyo nayo leo tayari inamtaka aangalie hali ya akili ya mtoto kabla hajainua mkono. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia mwalimu hali hiyo inaonekanaje kwa mtoto anayesoma vizuri, anayeongea na asiye na alama yoyote mwilini.

Nilikotafuta msaada sitakueleza kwa urefu, kwa sababu kila mzazi mwenzangu anaijua safari hiyo. Zahanati walipima malaria, wakatoa dawa za minyoo, baadaye dawa za vidonda vya tumbo. Majirani walisema nimemdekeza. Wapo waliosema ana jini, na wapo walioniombea kwa moyo safi, nami nawashukuru. Hatimaye tulifika Dar es Salaam kwa mwanasaikolojia anayeshughulika na watoto. Tulikwenda kwa treni ya umeme, na lazima niseme kuwa sijapata kumwona mwanangu ametulia safarini kama siku ile: saa ya kuondoka imeandikwa kwenye tiketi, kituo kinachofuata kinatangazwa kabla hakijafika, na namba ya kiti ni yako peke yako. Tukiwa tumekaa nikajiuliza kwa nini darasa lisiwe hivyo.

Tiba ipo, Mheshimiwa, na haina siri. Mtoto anafundishwa kwa picha kuzitambua dalili za hofu katika mwili wake, moyo unaodunda, viganja vinavyotoa jasho, tumbo linalosokota. Kisha anaisogelea ile hofu kidogo kidogo, kwa ngazi anayoijua mwanzo na mwisho, na mzazi anajifunza pamoja naye ili aiendeleze nyumbani. Yetu ilianza na Jumamosi, shule ikiwa tupu. Tukasimama nje ya geti, tukarudi nyumbani. Jumamosi nyingine tukaingia hadi kwenye mwarobaini, mlinzi akamruhusu aliguse lile rimu, kisha aligonge mwenyewe, polepole, halafu kwa nguvu kidogo. Alicheka. Tukaingia darasani, akakaa kwenye dawati lake, akaniambia kila mwenzake anakaa wapi. Jumatatu yake nilimpeleka nikiwa na matumaini makubwa, na pale getini tukakuta mstari wa wachelewaji na fimbo. Kazi ya wiki nyingi ikaanguka palepale. Mwanasaikolojia hana mamlaka juu ya geti la shule, na mimi sina. Wizara inayo.

Niliwahi kuelekezwa nimhamishie kwenye shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Nilikwenda. Walimu wa pale walinipokea kwa upole ambao sitausahau, wakakaa naye asubuhi nzima, na wao wenyewe ndio walioniambia kuwa mahali pake ni darasa la kawaida lenye msaada. Watoto walio nao wengi hawajaanza kuzungumza, wanajifunza kula na kuvaa wenyewe, na wanahitaji kila dakika ya walimu hao wachache. Hivyo mwanangu hatoshi kitengoni kwa kuwa anaweza mno, na darasani hatoshi kwa kuwa anaogopa mno. Katikati ya sehemu hizo mbili hakuna kitu, na watoto wa aina yake wanaishia nyumbani wakihesabiwa kuwa watoro. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imesema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida na apewe msaada unaolingana na ulemavu wake. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Mtoto wa kutoka wilaya za Malinyi au Ulanga, mkoani kwetu, ambaye mama yake hawezi kumfikisha kwa mtaalamu Dar es Salaam, ataimalizaje miaka hiyo?

Kwa hiyo naomba waraka wa elimu unaohusu wanafunzi wenye usonji na wenye wasiwasi mkubwa walio katika madarasa ya kawaida. Useme bila kuzunguka kwamba mwanafunzi wa aina hiyo asipewe adhabu ya viboko kwa sababu yoyote, na kwamba kujificha, kuziba masikio, kukataa kuingia darasani au kulipuka kwa mayowe viandikwe kama dalili, mzazi aitwe, na visiandikwe kama makosa. Adhabu za wachelewaji ziondolewe getini na mstarini, mbele ya macho ya shule nzima. Mwanafunzi awe na ruhusa ya kutoka darasani kwa dakika chache kwenda mahali palipokubaliwa, kwa kuonyesha kadi tu, bila kulazimika kujieleza wakati ulimi umeshafungwa. Najua ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haijengi chumba. Siombi chumba. Benchi nyuma ya ofisi linatosha.

Waraka huo umtake pia mwalimu wa darasa aandike ratiba ya siku ubaoni kila asubuhi, na kama kuna mabadiliko ayaseme kabla hayajatokea. Nafahamu vizuri kwamba mwalimu huyo ana watoto wengi mno mbele yake, wakati mwingine zaidi ya 100, na simlaumu kwa asichofundishwa. Lakini kusema "leo mwalimu wenu hayupo, baada ya uji mtakaa na 4B" ni sentensi moja. Kwa mwanangu sentensi hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma siku nzima na kukaa chini ya dawati.

Kuhusu mafunzo, tayari tunayo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Taasisi ya Elimu Tanzania iandae moduli fupi juu ya usonji na wasiwasi, kwa Kiswahili chepesi, yenye mifano ya darasani. Chuo cha Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kina wakufunzi wanaoweza kuiandika. Aanze nayo mwalimu wa unasihi wa kila shule, ili mzazi akifika awe na mtu wa kuzungumza naye kabla habari haijafika kwenye fimbo. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye changamoto za ukuaji, yaliyotayarishwa makusudi ili yaendeshwe na watu wasio madaktari bingwa. Wizara yako na ile ya Afya zikikaa meza moja, mafunzo hayo yanaweza kufika wilayani, na mama wa Malinyi hatahitaji kwanza nauli ya Dar es Salaam.

Limebaki la mitihani. Mwisho wa mwaka mwanangu anapaswa kufanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Atakaa kwenye dawati lisilo lake, mbele ya msimamizi asiyemjua, na polisi atakuwa uani. Maswali hayamsumbui, hayo mengine ndiyo yatakayomwangusha. Naomba Baraza la Mitihani liwatambue watoto wenye usonji kwa jina lao miongoni mwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, wakubaliwe kufanyia kwenye chumba chenye watu wachache, waongezewe muda, na waruhusiwe kukiona chumba na kukutana na msimamizi siku moja kabla. Orodha ya watakaohitaji haya inaweza kuandaliwa na maafisa elimu maalumu wa halmashauri muhula huu huu, kabla usajili haujafungwa. Nipo tayari kuja Dodoma na wazazi wenzangu siku yoyote utakayotupangia, na tutaleta madaftari ya watoto wetu uyaone mwenyewe.

Wako mtiifu,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne,
Morogoro