Kufutiwa shtaka si kuachiwa huru

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie neno moja la Kiingereza ambalo waandishi wa habari za mahakama wanalitafsiri ovyo, na ovyo hiyo inawaponza watu. Neno lenyewe ni "discharge".

Nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya hadi nilipostaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na kizimba nikimtafsiria mshtakiwa maneno ya hakimu. Wengi walishalisikia neno hilo hospitalini, ambako mgonjwa akiandikiwa "dischaji" anafunga virago na kurudi kwake, mambo yamekwisha. Kwa hiyo hakimu akilitamka tu, mshtakiwa uso unamchangamka kabla hata sijaanza kutafsiri. Hapo nilikuwa namwambia taratibu: shtaka limeondolewa, nenda nyumbani, lakini unaweza kushtakiwa tena kwa jambo hilihili.

Mwendesha mashtaka akiondoa shauri kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, au DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akieleza mahakama kuwa hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa anatoka. Ila sheria inasema wazi kwamba kutoka huko hakuzuii kumshtaki upya. Marekebisho ya miaka ya karibuni yameweka masharti, lakini mlango haujafungwa. Ni tofauti kabisa na yule ambaye shauri lake limeondolewa akiwa ameshaitwa kujitetea, au hakimu ameona hana kesi ya kujibu, au mahakama imesikiliza pande zote na kuona kosa halikuthibitishwa. Huyo ndiye aliyeachiwa huru. Upande wa mashtaka ukitaka, ukate rufaa. Kumfungulia kesi mpya kwa kosa hilohilo hauwezi. Magazetini wote hawa wanaandikwa "aachiwa huru".

Yuko na wa tatu. Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu, badala ya kumfunga mtu aliyekwisha kumtia hatiani, amwachie kwa sharti la kutotenda kosa katika muda usiozidi miezi 12. Kiingereza kinatumia neno lilelile kwa huyu naye, ingawa hatia yake imethibitishwa. Nimewahi kusoma habari ya mtu wa aina hiyo ikiwa imeandikwa kana kwamba ameshinda kesi.

Machi 4, 2022, DPP alipoondoa kesi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, na wenzake watatu, vichwa vya habari vilijaa "aachiwa huru". Mahakama haikuwa imesema wana hatia wala hawana. Kesi iliishia njiani, na msomaji alistahili kuambiwa hivyo.

Wakubwa wana mawakili wa kuwafafanulia. Ninayemhofia ni mtu kama jirani yangu hapa Korogwe, mama anayeuza maandazi stendi. Kijana wake alishtakiwa kwa wizi wa pikipiki, mashahidi hawakuonekana, shauri likaondolewa. Gazeti moja likaandika mistari michache kuwa kijana ameachiwa huru. Mama alikikata kile kipande, akakitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kliniki na risiti za ada, akaamini ana hati mkononi. Kijana naye akaacha kuwatafuta mashahidi wake mwenyewe, mmoja akahamia Handeni na namba yake ya simu haipatikani tena. Askari walipomfuata mara ya pili, mama aliwatolea kile kipande. Walikisoma, wakamrudishia, wakaondoka na mwanawe. Jioni alikuja kwangu nacho. "Mama Karani, si wameandika wenyewe? Huru ni nini sasa?" Nilimweleza sheria nikiona kabisa kwamba maneno yangu hayamfikii, maana alikuwa na gazeti mkononi.

Zamani tungeweza kusingizia Kiingereza. Lakini sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na Kiswahili hakijapungukiwa hapa. Mtu aliyeondolewa shtaka aandikwe "amefutiwa shtaka, anaweza kushtakiwa tena". Aliyetiwa hatiani akaachiwa kwa masharti, hatia yake itajwe kwenye sentensi ya kwanza. Maneno "ameachiwa huru" abakiwe nayo yule ambaye kwa kosa hilo hawezi kufunguliwa kesi nyingine.

Mwandishi asiye na uhakika amuulize karani swali moja kabla hajatoka mahakamani: ameachiwa kwa kifungu gani? Kifungu kinaandikwa kwenye mwenendo wa shauri siku hiyohiyo, na kukitafuta ndani ya jalada hakuchukui hata dakika tano.

Karani mstaafu,
Korogwe, Tanga