Kuhusu orodha yako ya kompyuta ya gemu

Mpendwa rafiki,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, na nyumbani wote wazima. Orodha yako nimeipata na nimeipitia kifaa kwa kifaa. Bajeti uliyonayo inatosha kupata mashine nzuri, ila fedha umezielekeza pasipofaa. Prosesa (ubongo wa kompyuta) umeichukua kubwa kupita mahitaji, kadi ya michoro (inayochora picha za gemu) umeibania, na pawa saplai (inayogawa umeme) umekubali ile inayotolewa bure pamoja na kasha. Tafadhali usilipie chochote kwanza.

Kabla ya yote amua kioo, yaani skrini, maana ndicho kinachopanga mengine. Kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 ndicho kinachoendana na fedha zako. Ukipanda hadi 2560 kwa 1440, pikseli zinaongezeka kwa karibu asilimia 78, na kazi yote hiyo inaiangukia kadi ya michoro. Baki na 1080, na ukipata kioo cha hezi 144 (mara kinavyobadilisha picha kwa sekunde) badala ya 60 usikiache.

Sasa kadi yenyewe. Tenga kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya fedha za vifaa vya ndani kwa ajili yake, kisha vingine vigawane kinachobaki. Kadi ya gigabaiti 4 uliyoiandika haitakufaa. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu inalazimika kuvuta picha kutoka kwenye RAM (kumbukumbu kuu ya kompyuta) kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na bodi mama, ambayo ni nyembamba mno kwa kazi hiyo, na hapo ndipo mchezo unapoanza kukatikakatika hata kama wastani wa fremu (picha kwa sekunde) unaonekana mzuri. Gigabaiti 8 ndiyo iwe chini kabisa. RX 6600 ina 8 na inakula wati 132 tu. RTX 3060 ya gigabaiti 12 inakula 170, na ile kumbukumbu ya ziada ina faida ya kweli.

Lakini soma jina lote, usiishie kwenye namba. Kuna RTX 3060 nyingine ya gigabaiti 8 ambayo njia yake ya kumbukumbu ni ya biti 128 badala ya 192, na inaachwa nyuma waziwazi. GTX 1060 ya gigabaiti 3 nayo haikupunguziwa kumbukumbu tu. Hata viini vyake, sehemu zinazofanya hesabu, ni 1152 badala ya 1280. Na RX 6500 XT iepuke kabisa kwa mashine ya gemu: ina gigabaiti 4, na inatumia njia 4 tu za PCIe. Ikiwekwa kwenye bodi yenye PCIe ya kizazi cha 3, njia hizo zinabeba nusu ya kile ilichotarajia.

Kadi iliyotumika ni njia nzuri ya kupata nguvu zaidi kwa fedha zilezile, mradi uione ikifanya kazi. Omba iwashwe mbele yako, fungua GPU-Z, programu ya kuchunguza kadi, uthibitishe jina la chipu na ukubwa wa kumbukumbu. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitangaze kuwa mpya, na GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika neno FAKE kwenye jina. Kisha iendeshe kwa dakika 15 kwenye gemu nzito. Angalia nukta za rangi zisizo za kawaida au mistari kwenye picha, kwani hizo mara nyingi ni dalili ya kumbukumbu inayokufa, na hiyo hairekebishiki kirahisi. Feni inayolia au pesti ya kupitisha joto iliyokauka isikutishe. Vyote viwili vinabadilishika.

Upande wa prosesa, Core i7 uliyoiweka inamfaa mtu anayehariri video kutwa. Kwa kadi za daraja hili, Ryzen 5 5600 ya AMD yenye viini 6 na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja) inatosha, na inakuja na kipoza chake ndani ya boksi. Ukipenda Intel, Core i3-12100F yenye viini 4 na nyuzi 8 inacheza gemu nyingi vizuri, ingawa mimi ningeichagua ile ya viini 6 kwa sababu gemu mpya zinavitumia. Zote mbili hazina sehemu ya kuchora picha ndani yake. Bila kadi, kioo kitabaki cheusi, na bodi itakuwa haina kosa lolote. Usichanganye Ryzen 5 5600 na 5500: hiyo ya pili ina megabaiti 16 za akiba ya ndani badala ya 32, na PCIe yake ni ya kizazi cha 3.

Bodi mama isikuumize kichwa. Kwa Ryzen hiyo, bodi ya B550 inatosha, na B450 pia inafaa, ila hiyo ya pili ni ya zamani kuliko prosesa yako na huenda isiitambue mpaka BIOS yake (programu ya ndani ya bodi) isasishwe. Chagua yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa kuwemo. Flashi iwe imefomatiwa FAT32. Kwa upande wa Intel ya soketi LGA1700, kuna bodi za DDR4 na za DDR5 (aina mbili za RAM), na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine, kwa hiyo soma jina la bodi hadi herufi ya mwisho. Hesabu pia tundu za RAM na za M.2, zile za kuchomekea diski. Rangi na taa usizilipie.

RAM umeandika kijiti kimoja cha gigabaiti 16. Badilisha iwe viwili vya 8, DDR4-3200 (3200 ni kasi), CL16 (kipimo cha ucheleweshaji). Kijiti kimoja kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2, na tofauti hiyo inaonekana hasa pale fremu zinaposhuka ghafla. Viweke kwenye tundu ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, halafu ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Usipoiwasha, RAM itakimbia kwa kasi ya chini, mara nyingi 2133 au 2400, nawe utakuwa umelipia 3200 bila kuitumia.

Diski: SSD ya NVMe (aina ya kasi inayotumia PCIe) ya terabaiti 1, kizazi cha 3. Haina mengi zaidi ya hapo. Angalia tu kwamba si M.2 ya aina ya SATA, ambayo ni ya polepole zaidi, kwa sababu zinafanana umbo na baadhi ya tundu hazikubali zote mbili.

Pawa saplai ndiyo inayonifanya niandike kwa msisitizo. Kwenye ubavu wake kuna lebo yenye jedwali. Tafuta safu ya +12V, soma ampea zake, uzizidishe kwa 12. Ikiandikwa ampea 45, hizo ni wati 540, na kifaa kinachojiita cha wati 550 kinasema kweli. Ikiwa nje imeandikwa 600 na safu ile ina ampea 25, wati halisi kwa ajili ya prosesa na kadi ni 300; zilizobaki zimehesabiwa kwenye laini ambazo kompyuta ya leo haizitumii sana. Kadi ya michoro haipandishi matumizi yake taratibu. Inaweza kudai umeme mwingi ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawa saplai dhaifu inajibu kwa kuzima mashine katikati ya mchezo, au inakufa na kuondoka na bodi. Chukua ya wati 550 ya kweli, yenye cheti cha 80 Plus Bronze cha ufanisi wa umeme, kutoka kwa mtengenezaji anayetoa dhamana ya miaka. Ikiwa na swichi nyekundu ya 115/230 kwa nyuma, ilinganishe na umeme wa ukutani kabla ya kuchomeka. Ikiachwa 115 penye volti 230, inalipuka.

Kasha lichaguliwe kwa uso wa wavu unaopitisha hewa. Uso wa mbele uliozibwa kwa glasi unachemsha kila kitu. Pima urefu wa kadi kwa milimita na urefu wa kipoza, ulinganishe na vipimo vya kasha. Feni 2 za kuingiza mbele na 1 ya kutoa nyuma zinatosha.

Ukifika kuunganisha, jaribu kwanza nje ya kasha, bodi ikiwa juu ya boksi lake la karatasi. Weka prosesa kwa kufuata pembetatu ya kona; ishuke yenyewe bila kusukumwa. Kipoza cha boksi la AMD kinakuja na pesti tayari. Kwa kingine, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi linatosha, na uondoe karatasi ya plastiki chini yake. RAM isukume mpaka usikie mlio wa kufunga. Kisha waya mbili: ule wa pini 24, na ule wa prosesa wa pini 8 juu kushoto, ambao husahaulika mara nyingi. Ukisahaulika, feni zinazunguka lakini picha haiji. Waya wa prosesa unagawanyika 4 na 4, wa kadi unagawanyika 6 na 2. Usiulazimishe mmoja kwenye nafasi ya mwenziwe. Na waya za pawa saplai moja usizitumie kwenye nyingine hata zikiingia, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa ndani hutofautiana na unaweza kuunguza diski.

Kebo ya kioo ichomeke kwenye kadi, si kwenye bodi. Picha isipokuja, tazama taa ndogo nne za bodi zenye majina CPU, DRAM, VGA na BOOT kama bodi yako inazo: inayobaki ikiwaka inakuonyesha pa kuanzia. Ya DRAM kwa kawaida huisha ukitoa vijiti na kuvirudisha kimoja kimoja. Baada ya kuweka Windows na drayva (programu za kuendeshea vifaa), ingia mipangilio ya kioo uchague hezi 144, maana mara nyingi Windows huanza na 60.

Nitumie orodha mpya kabla ya kununua, yenye jina kamili la bodi, picha ya lebo ya pawa saplai, na vipimo vya kasha. Hayo matatu ndiyo nitakayoyaangalia kwanza.

Wasalimie wote.

Rafiki yako