Malalamiko: saundikadi mbovu na kunyimwa waranti kwa sababu natumia Linux

Kirumba,
Mwanza.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi Kuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA WARANTI YA SAUNDIKADI YA USB

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua saundikadi ya nje, yaani kifaa cha kuingizia sauti ya maiki kwenye kompyuta, yenye matundu mawili ya maiki, kwa wakala wenu wa hapa mjini Mwanza. Nililipa taslimu, nikapewa risiti ya EFD pamoja na kadi ya waranti ya mwaka mmoja iliyogongwa muhuri. Mwaka huo haujaisha. Kifaa ni kibovu na nimekirudisha dukani, lakini kimekataliwa kwa maelezo kwamba kompyuta yangu inatumia Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama ilivyo Windows), na kwamba waranti haihusiki na Linux. Ofisi yenu imerudia maneno hayohayo kwa barua pepe: niweke Windows kwanza, ndipo nisikilizwe. Sikubaliani na jibu hilo hata kidogo, na sababu zangu fundi wenu yeyote anaweza kuzipima mwenyewe mezani.

Nikichomeka kifaa kinawaka taa ya kijani na laptopu inakitambua papo hapo. Amri ya arecord -l, ya kuorodhesha vifaa vya kurekodia, inakionyesha; PipeWire, inayosimamia sauti ndani ya Linux, inakiona; na Ardour, programu yangu ya kurekodia, inarekodi. Maiki ya kawaida, isiyohitaji umeme, inaingia safi kwa ubora wa kHz 48 na biti 24, hata nikiiacha irekodi ibada nzima. Tatizo linaanza ninapobonyeza kitufe cha volti 48, yaani umeme ambao saundikadi inapeleka kwenye maiki za kondensa. Taa nyekundu ya kitufe inawaka kidogo tu, ile ya kijani inafifia, ndani ya boksi unasikia "tik", halafu kila kitu kinazima. Ardour inasimama katikati ya wimbo. Nikiangalia dmesg, yaani kumbukumbu za mfumo, nakuta mstari wa "USB disconnect" na namba ya kifaa, kisha kifaa hichohicho kinasajiliwa upya kwa namba nyingine kama vile ndiyo kwanza kimechomekwa. Kwa kuwa kitufe bado kimebonyezwa, kinaanguka tena. Kitawaka na kuzima hivyo hadi urudishe kitufe juu.

Dukani nimeambiwa ni draiva, yaani programu ya kompyuta ya kuendeshea kifaa. Mara nyingine nikaambiwa ni umeme wa mtaani kwangu. Umeme wa mtaani hauhusiki, maana nimejaribu laptopu ikiwa kwenye betri, chaja imechomolewa ukutani. Nimebadili waya wa USB, nimehamia tundu jingine, nimepitishia kwenye habu yenye adapta yake. Nimechomoa maiki zote, hedifoni na spika, nikabonyeza kitufe kifaa kikiwa kitupu. Kinaanguka vilevile. Kisha nikakipeleka kwa jirani yangu mwenye steshenari, ambaye laptopu yake ina Windows 11 na draiva yenu wenyewe kutoka kwenye tovuti yenu. Kikaanguka pale pale, mbele ya wateja wake. Video ya jaribio hilo nimeiambatisha, na inaonyesha kioo cha kompyuta na kitufe kwa pamoja ili asiwepo wa kusema nimeunganisha vipande.

Mlinielekeza pia nisasishe programu ya ndani ya kifaa, wakati chombo chenu cha kusasishia kinakwenda kwenye Windows na Mac tu. Hilo nalo nimelifanya kwa jirani. Halikubadilisha kitu, na halingeweza kubadilisha. Tundu la USB 2.0 linatoa volti 5, na mkondo usiozidi miliampea 500. Volti 48 hazitoki kwenye kompyuta. Zinatengenezwa ndani ya saundikadi na saketi inayopandisha zile volti 5. Saketi hiyo ikiwa na kasoro huvuta mkondo kupita kiasi, zile volti 5 zinaporomoka, na chipu ya USB inakosa umeme wa kuishi. Kitufe chenyewe ni cha kubonyeza kwa kidole, hakingoji ruhusa ya mfumo wowote wa kompyuta.

Sasa kuhusu Linux. Boksi lenu limechapishwa kwamba kifaa kinafuata viwango vya sauti vya USB na hakihitaji draiva. Niliyaamini maneno hayo na ndiyo yaliyonifanya nitoe pesa. Viwango hivyo vilianza mwaka 1998, na toleo la pili likatoka 2006. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, imebeba toleo hilo la pili tangu 2010, ilhali Windows ililipata ndani ya mfumo wake 2017. Kwa hiyo mtumiaji wa Linux anapochomeka kifaa cha namna hii anafanya kile kile ambacho boksi limemwahidi. Mimi natumia Linux kwa sababu laptopu yangu ni ya siku nyingi na bado inafanya kazi vizuri, na kwa sababu nataka kurekodi kwa programu halali badala ya kuweka programu za wizi ambazo nazikuta kwenye studio nyingi. Mteja wa namna hiyo hastahili kuambiwa akapige fomati mashine yake ndipo ahudumiwe.

Naomba uelewe pia kwa nini volti 48 kwangu si kitu cha ziada. Kazi yangu kubwa ni kurekodi kwaya, na wazee wanaoimba nyimbo za zamani za huku ziwani. Alikuja mzee mpiga enanga kutoka Ukerewe, amevuka na meli asubuhi kutoka Nansio, amebeba chombo chake kimefungwa kwenye kitenge. Nyuzi za enanga zina sauti ndogo, na mwenyewe anaimba chini chini, karibu kama anaongea. Maiki ya kawaida ukiifungulia mpaka iifikie sauti hiyo, unarekodi mvumo kuliko muziki. Inatakiwa maiki ya kondensa, na kondensa nyingi za studio hazifanyi kazi bila volti 48. Nikabonyeza kitufe, kifaa kikazima. Mzee alisubiri huku nikihangaika, halafu akafunga chombo chake kwa upole kabisa akaniambia atarudi Mungu akipenda. Umri wake ni mkubwa na safari ya maji si nyepesi. Nauli yake nilimrudishia kutoka mfukoni mwangu, lakini rekodi ile sina.

Ninachodai ni kifaa kipya cha aina ileile, kijaribiwe mbele yangu dukani kikiwa na maiki ya kondensa, au nirudishiwe pesa yote iliyoandikwa kwenye risiti. Wakala wenu ananitaka nikitume kifaa Dar es Salaam kwa basi kwa gharama yangu, tena bila kuniandikia karatasi ya mapokezi. Siwezi kukubali hilo. Kikitakiwa kusafiri, gharama iwe yenu na nipewe maandishi yenye namba ya kifaa. Vilevile nataka mawakala wenu waelekezwe kwa maandishi kwamba mfumo wa kompyuta ya mteja si sababu ya kumnyima waranti pale ambapo ubovu ni wa kifaa chenyewe.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Nisipolipata, nitawasilisha shauri hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na risiti, kadi ya waranti, picha ya maandishi ya boksi na video. Nakala za vyote nimeambatisha hapa.

Kifaa ninacho studio, kwenye boksi lake, na fundi wenu akija wakati wowote wa kazi nitamfungulia akipime.

Wako,

Mteja wenu,
Kirumba, Mwanza.

Nakala: Wakala, Mwanza.