Kwa Nini Mbwa Aliyetulia Kwetu Hubweka Tena Usiku Akirudi Kwako

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kuliko mengine yote yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja. Mteja analeta mbwa kwenye kituo chetu cha mafunzo ya mbwa kwa sababu majirani hawalali, anamwacha wiki kadhaa, anakuja kumchukua akiwa ametulia, kisha baada ya siku chache anatupigia simu usiku wa manane ili tusikie wenyewe anavyobweka. Hivi karibuni mteja wetu mmoja wa Mbezi Beach, mwenye German Shepherd mzuri sana, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wao kwamba tumekula fedha zake bure. Maneno hayo yametusumbua, kwa kuwa kazi tuliyomfanyia mbwa wake ilikuwa kazi safi, na tumeona ni bora tueleze kwa urefu namna kelele za usiku zinavyoanza, zinavyokomaa, na kwa nini bei yetu ni ile tunayoitaja.

Mbwa hubweka usiku kwa sababu ya kitu anachokisikia, anachokiona, anachokihitaji au alichozoeshwa, na karibu vyote hivyo vipo nyumbani kwa mwenye mbwa. Kituo chetu kina ukuta mzima, kiko mbali na barabara, mbwa hutembezwa kila jioni na hula kwa saa maalumu. Mbwa wa Mbezi Beach alitulia kwetu kwa sababu hakuwa na la kubwekea. Ndiyo maana huduma yetu kamili inajumuisha kufika nyumbani kwa mteja usiku, kabla na baada ya mafunzo, na hiyo hasa ndiyo sehemu ambayo wateja wengi hutuomba tuiondoe ili bei ishuke. Mteja wetu huyu aliiondoa.

Baada ya ujumbe wake kusambaa, tulimwendea. Tulifika saa nne usiku, tukaacha gari mbali, tukakaa barazani bila kuongea. Geti lake ni la bati zito, lakini chini lina mwanya wa karibu shubiri moja, na upande wa pili wa barabara kuna kibanda cha chipsi chenye taa kali ambapo vijana wa bodaboda husubiri abiria. Kila mtu aliyepita, kivuli cha miguu yake kiliingia kupitia mwanya ule kikatambaa hadi kwenye maua, na mbwa akatoka mbio kutoka kona moja ya geti hadi nyingine. Udongo wa pale ulikuwa umechimbika mfereji kwa kukimbiliwa, na rangi ya geti ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha hadi bati likaonekana. Jambo ambalo wenye mbwa wengi hawalifikirii ni kwamba mpita njia, kwa kawaida yake, huendelea na safari yake, na mbwa huamini kwamba amemfukuza yeye. Kwa hiyo kila usiku alikuwa akishinda mara nyingi mno, na kazi inayolipa namna hiyo hakuna mbwa anayeiacha. Fundi wa geti aliziba mwanya kwa kipande cha bati, banda likahamishiwa nyuma karibu na jiko ambako sauti za nyumbani humfikia, na tukampa mlinzi ratiba ya kumtembeza kabla ya kula. Kelele hazikuisha usiku uleule, lakini zilianza kupungua, na kundi la WhatsApp sasa linazungumzia maji.

Wapo wanaotuambia kwamba mbwa wao hubwekea hewa, na wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba mbwa akilia kwa mlio mrefu usiku ni uchuro. Hatubishani na imani ya mtu, ila tunapenda ijulikane kwamba sikio la binadamu hukomea kwenye sauti za mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde, wakati la mbwa hufika karibu 45,000. Panya huwasiliana kwa sauti nyembamba ambazo sisi hatuzipati kabisa, na mbwa anazisikia vizuri akiwa amelala, zikitokea ndani ya dari au kwenye rundo la matofali la jirani. Ongeza popo wanaogombania mwembe, paka wa mtaa juu ya ukuta, na mbwa wa nyumba ya tatu anayeanzisha, naye wako akamwitikia. Ule mlio mrefu unaosikika wakati wa adhana ya alfajiri au king'ora kinapopita ni kuitikia tu; sauti ndefu inayopanda na kushuka humchochea mbwa ajibu kwa namna ya jamii yake, na akiachwa hunyamaza mwenyewe sauti ile inapokwisha.

Kwa hapa Dar es Salaam, hata hivyo, chanzo tunachokikuta zaidi ya panya na popo ni ratiba. Desturi ya nyumba nyingi ni kumfungia mbwa bandani kuanzia asubuhi ili wageni waingie kwa amani, na kumfungulia saa tatu au saa nne usiku alinde. Mbwa huyo amelala mchana kutwa kwa sababu hana kingine cha kufanya, joto limepungua, mwili umepata nguvu, na mlango unafunguliwa saa ileile ambayo binadamu wanataka kulala. Tukimweleza mteja kwamba mbwa anahitaji matembezi ya nusu saa alfajiri na nusu saa jioni, pamoja na mfupa au kazi ya kumshughulisha bandani mchana, hutuuliza kama hatuna njia fupi. Katika nyumba moja ya Tabata tulikuta kwamba msaidizi wa nyumbani hakuwa akimgusa mbwa kwa sababu za dini, jambo ambalo tunaliheshimu, na mwenye nyumba alikuwa akirudi saa nne usiku. Mbwa yule hakuwa ameguswa na mkono wa mtu siku nzima. Kijana wa jirani alilipwa kidogo awe anamtembeza jioni, na hilo lilisaidia kuliko mafunzo yetu yote.

Watoto wa mbwa wana habari yao. Wauzaji wengi wa mjini humwachisha mtoto kwa mama yake akiwa na wiki nne au tano ili auzwe mapema, wakati anapaswa kubaki hadi wiki ya nane angalau. Mtoto huyu ameishi maisha yake yote akilala juu ya migongo ya ndugu zake, kisha usiku wa kwanza anawekwa peke yake kwenye banda la saruji nyuma ya nyumba. Analia kwa sababu katika hali ya asili mtoto aliyepotea asipolia hapatikani. Tunashauri siku za mwanzo alale ndani ya boksi karibu na mtu, pamoja na kitambaa kilichosuguliwa kwa mama yake kabla ya kuondoka, na boksi lisogezwe taratibu hadi lifike mahali pake pa kudumu. Pia hawezi kubana mkojo usiku kucha. Kwa makadirio ya kawaida, hustahimili saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, pengine zaidi kidogo akiwa amelala. Mtoto wa miezi miwili akilia saa saba usiku, atolewe nje kimya kimya, akojoe, arudishwe, bila kuchezewa wala kuwashiwa taa.

Kosa linalofanyika hapo ni la huruma. Familia moja iliyotuita kutoka Kimara ilikuwa na utaratibu wa kumwacha mtoto alie hadi baba achoke, ndipo mmoja wao anatoka na maziwa. Siku nyingine walitoka baada ya dakika tano, siku nyingine baada ya saa nzima, na siku nyingine walimrushia ndala. Mbwa hajifunzi uvumilivu kwa njia hiyo. Anajifunza kwamba anayelia kwa muda mrefu hatimaye hupata, na malipo yanayokuja kwa kubahatisha hushikilia tabia kwa nguvu kuliko yanayokuja kila mara. Hata ukali ni malipo kwa aliyekuwa mpweke, kwa kuwa mtu amekuja. Utaratibu wetu ni kwamba mahitaji yote yatimizwe kabla ya kulala, kisha aitikiwe katika kile kituo kifupi cha kimya, hata kama ni pumzi tatu tu, wala si katikati ya kilio.

Na hapa ndipo wateja wengi hukata tamaa na kudhani wametapeliwa: mbwa aliyezoea kulipwa kwa kelele, malipo yakikatwa, kwanza huongeza kelele. Usiku wa pili au wa tatu unaweza kuwa mbaya kuliko yote iliyotangulia. Mwenye mbwa akitoka usiku huo, amemfundisha kiwango kipya cha kubweka, na kazi inaanza upya kutoka mahali pagumu zaidi. Tunawaomba wateja wawaarifu majirani mapema, na ikibidi mwenyekiti wa mtaa, ili asije mtu kugonga geti usiku wenyewe wa kushinda.

Njia za mkato tunazozikuta ni nyingi, na gharama yake hurudi baadaye. Mteja mmoja wa Goba alikuwa akimpa mbwa wake vidonge vya mafua vinavyosinzisha, kwa ushauri wa mtu wa duka la dawa. Mbwa alinyamaza kweli, na usiku mmoja wezi waling'oa pampu ya maji huku mlinzi huyo wa miguu minne akikoroma. Wengine humfunga mdomo kwa kamba. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi na ulimi nje, na kwa joto la Januari na Februari hapa mjini kamba hiyo inaweza kumuua kabla ya asubuhi. Mikanda ya shingoni inayopiga shoti hatuiuzi wala hatuifungi: mbwa akichomwa wakati mtoto wa jirani anapita, anaunganisha maumivu na mtoto, na tumewahi kuletewa mbwa aliyeanza kubweka akamalizia kuuma.

Kuna pia mbwa anayelialia na kujikuna kwa sababu ya viroboto, kupe au upele, na mwenye mbwa akampaka oili chafu ya gari kwa kuambiwa kwamba ni dawa. Mbwa hujilamba, sumu inaingia tumboni, ngozi inaungua, na bili ya daktari wa mifugo inakuwa kubwa kuliko huduma yetu nzima. Mbwa mzee anayezunguka usiku na kunung'unika huenda ana maumivu ya viungo au akili yake imeanza kuchoka. Naye apelekwe kwa daktari, asipewe dawa za maumivu za binadamu, kwani ibuprofen na diclofenac humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Wenye mbwa wa ulinzi huuliza kama tutamfanya bubu. Hapana. Tunamfundisha mchana, kwa kipande cha nyama, kwamba baada ya kubweka mara chache na kusikia neno «inatosha», kunyamaza kunalipa. Neno hilo lisemwe kwa sauti ya kawaida. Mtu anayefoka dirishani, kwa masikio ya mbwa, anabweka naye.

Kuhusu bei, unapotulipa unalipia watu wawili wanaokesha kwako, usafiri wa usiku, marekebisho ya banda tunayoyasimamia, na ziara za kurudia hadi kelele zipungue. Anayekwambia atamaliza kazi hiyo kwa nusu ya bei bila kuona geti lako, muulize atabadilisha nini. Kabla ya kutuita, andika kwa siku chache saa ambazo mbwa huanza na kuacha, mrekodi kwa simu, na utueleze anakula nini na saa ngapi. Iwapo sauti yake imebadilika ghafla na kuwa ya kukwaruza, anatokwa na mate, anauma vitu ovyo au anaogopa watu aliowazoea, usitusubiri sisi wala usimguse. Toa taarifa kwa ofisa mifugo, kwa kuwa hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali mara moja. Mbwa wengine wote tunawahudumia baada ya kuona kadi ya chanjo ambayo haijapitwa na wakati. Iwe mezani tunapofika.