Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari: naomba turudishiwe kitabu cha Sunny

Ndugu Afisa Elimu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza niliyekuwa nikisoma Akata Witch ya Nnedi Okorafor na klabu yetu ya Ijumaa, mpaka ulipoagiza tuache kwa kuwa jaladani limeandikwa neno "mchawi".

Hofu yako naielewa. Hapa kwetu watu wenye ualbino wameuawa kwa maneno ya waganga. Ila humo kitabuni anayeitwa mchawi ndiye mwenye ualbino. Sunny ana miaka 12, mtoto wa Kiigbo aliyezaliwa New York, sasa anaishi Aba, Nigeria, na shuleni wanamwona mgeni. Jina lake ni la jua, na jua ndilo linalomchoma. Anatembea na mwavuli, na mpira anaoupenda hawezi kuucheza mchana. Siku moja mwalimu anamkabidhi fimbo awachape wenzake walioandika insha vibaya. Baadaye wenzake wanamlipizia yeye, kipigo na matusi. Darasa langu lilinyamaza hapo. Fimbo wanaijua.

Nina mwanafunzi mwenye ualbino. Anakaa dawati la mbele, kofia yake pana iko mapajani, kitabu anakisogeza mpaka kinakaribia kugusa pua. Mtaani vijana wakimwona huambiana, "Dili hilo linapita." Maana yake unaijua: wanamwona ni fedha. Basi tukafika kwenye chittim, fedha za ulimwengu wa siri anaoingia Sunny: zinadondoka zenyewe mtu akijifunza jambo, na za shaba ndizo zenye thamani kubwa. Binti yule, ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono, akaunyoosha.

"Kwa hiyo huko dili ni kujua, mwalimu?"

Wavulana wa viti vya nyuma wao walimpenda zaidi Orlu, rafiki wa Sunny. Kusoma kunampa taabu, herufi zinamchanganya, na kumbe humohumo ndimo ulimo uwezo wake wa kutegua juju, yaani uchawi.

Sikufichi, humo kitabuni yumo pia muuaji wa watoto. Sura hizo sikutaka kuzigusa kabla ya kuzungumza na mama wa binti. Tulizungumza. Alisema tusome, maana mwanawe habari hizo alizisikia redioni kabla hajaanza darasa la kwanza.

Kama tatizo ni jalada, riwaya hiyohiyo imechapwa Nigeria na Cassava Republic kwa jina What Sunny Saw in the Flames, na hapo mchawi hatajwi. Nakala ninayo moja. Jumatatu saa nne nitaileta ofisini kwako. Naomba usome japo kurasa za mwanzo.

Kila Ijumaa binti ananiuliza kama Sunny alipata kucheza mpira juani. Nimemwambia nasubiri barua yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiingereza, Kidato cha Pili