Mume wangu amekubali tuache Kiswahili nyumbani bila hata kunigeukia

Shikamoo Shangazi. Ni alfajiri sa hivi, nyumba nzima wamelala, mimi usingizi umenikataa tangu usiku nikaona bora nikuandikie kuliko kuendelea kugeukageuka kitandani. Utanisamehe nikirukaruka.

Haya maisha ya kumfuata mume ugenini unayajua, kila mara nasoma wenzangu wanakuandikia, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Kampuni ikimhamisha yeye imetuhamisha wote. Mtoto ana miaka mitatu na nusu, tunamtafutia shule ya awali, na hapo ndo yalipoanzia yote. Sipingi mtoto asome, naomba hilo ulielewe mapema, maana mume wangu ameshaanza kuwaambia ndugu zake eti namng'ang'ania mtoto. Shule zote mimi ndo nimezizunguka yeye akiwa kazini, fomu nimejaza mimi, kadi ya chanjo nimehangaika kuitafsirisha mimi. Mtu anayeng'ang'ania mtoto hafanyi hivyo.

Ile anayoitaka yeye ni ya kimataifa, inafuata mtaala wa Uingereza wa watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka 5, ule wanaouita EYFS. Ni shule nzuri, siwezi kusema uongo, uwanja upo, vyoo vya kimo chao vipo, walimu wakiongea na mtoto wanachuchumaa. Wakataka aende asubuhi moja wamwangalie akiwa na wenzake. Akaenda. Hakufungua mdomo. Alicheza na magari, wenzake walipopanga foleni na yeye akapanga, waliponawa akanawa, alikuwa anafuata kila kitu kwa kuangalia. Ila hakusema neno. Sasa mtoto wa umri ule umemwingiza chumba cha watu asiowajua, wanaongea lugha ambayo yeye anaisikia kwenye katuni tu, ulitegemea aseme nini?

Tukaitwa ofisini. Mkuu wa kitengo cha wadogo akatuambia kwa upole kabisa kwamba mtoto yuko nyuma kwenye kuongea, na kitakachomsaidia ni wazazi kuacha kumsemesha Kiswahili, tumsemeshe Kiingereza tu mpaka muhula uanze. Mume wangu akajibu hapo hapo, hamna shida, tutaanza leo.

Tutaanza leo! Hakunigeukia Shangazi. Hakusema ngoja nishauriane na mama yake. Mimi nimekaa pembeni yake na mkoba wangu mapajani kama mtu aliyesindikiza. Na kweli kwenye gari akaanza, mtoto anauliza baba kile nini, baba anajibu Kiingereza, mtoto anarudia swali kwa sauti zaidi, baba anajibu Kiingereza tena, mwisho mtoto akaniangalia mimi. Na mimi nikanyamaza maana nilijua nikifungua mdomo nitalia.

Sio kwamba mimi Kiingereza sijui. Nimefanya kazi ofisini miaka kabla ya kuacha nimfuate, barua nilikuwa naandika kwa Kiingereza, kwa hiyo asinifanye mama wa kijijini anayeogopa lugha. Mtoto huyo huyo anayesemwa yuko nyuma, nyumbani hanyamazi. Anasimulia, anauliza kwa nini mvua haina mlango, anagombana na dubu lake, anamkatisha baba yake maneno. Sasa huko nyuma ni nyuma ya nini?

Usiku huu nikaingia mtandaoni nikausoma huo mwongozo wa EYFS wenyewe, maana kwenye kipeperushi chao wameuandika kwa herufi kubwa. Nikakuta umeandika kwamba kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani sio Kiingereza, shule inatakiwa ichukue hatua apate nafasi ya kuitumia na kuikuza hiyo lugha yake kwenye michezo na kujifunza. Na kuna sehemu inasema kama Kiingereza cha mtoto hakijakaa sawa, shule iwaulize wazazi anaongeaje lugha ya nyumbani, ndo ijulikane kama kweli amechelewa kuongea au la. Mimi hakuna aliyeniuliza. Wangeniuliza ningewajibu, na ningewachezea video ziko tele kwenye simu. Nimesoma pia kwamba mtoto akiingizwa kwenye lugha mpya anaweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi, anasikiliza kwanza, na walimu wanaozoea watoto wa namna hiyo wanalijua hilo. Sasa shule inayojiita ya kimataifa, yenye watoto wa kila taifa, inakuwaje ilione kama ugonjwa?

Nilimwamsha mume wangu nimsomee. Akasema hiyo ni sheria ya England, huku haiwahusu. Ni kweli, kisheria haiwahusu. Lakini si ndo mtaala wanaoutangaza? Akanambia nilale. Hakusema nimekosea wala nimepatia.

Na yeye ana hoja, nisije nikaonekana simtendei haki. Anasema mkataba wake ukiisha tutahamishiwa kwingine, na kwingine tena, na mtaala wa kimataifa ndo kitu pekee ambacho mtoto atakikuta kila tutakapokwenda. Anasema tukimpeleka chekechea ya hapa mtaani atajifunza lugha ya hapa halafu tuondoke aisahau, tuanze upya. Na ile shule wanatuambia aliyeanzia awali ndo anatangulia kupata nafasi darasa la kwanza, wanaotoka nje wanapangwa kwenye orodha ya kusubiri. Kampuni yenyewe inalipa ada kuanzia miaka mitano tu, ya awali tunalipa wenyewe, halafu hela ya kushika nafasi hairudi hata mkiamua siku ya pili kwamba hamtaki. Kwa hiyo ukishalipa umeshafungwa.

Mimi naitaka hiyo chekechea ya mtaani. Nilishaiona, tunafika kwa mguu, watoto ni wale wale anaocheza nao uwanjani jioni, walimu wamekaa pale miaka mingi. Kule kwa kimataifa nilimuuliza mama mmoja, akanambia walimu wengi mikataba yao ni ya miaka miwili na kila muhula wa mwisho kunakuwa na keki za kuagana, mtoto wake ameshaagana na marafiki mpaka ameacha kuuliza wameenda wapi. Nikafikiria wangu, anavyoshika mtu akimpenda. Chekechea angepata marafiki wasioondoka. Ila na sisi si ndo tutaondoka? Halafu lugha ya hapa mimi mwenyewe natambaa nayo, mtoto akija na jeraha gotini nitamuulizaje mwalimu limetokea nini, wakiitisha kikao cha wazazi nitakaa nacheka cheka tu. Kwa hiyo nikisema naitaka, naitaka, lakini usiku nikifikiria hayo naogopa.

Kuna nyingine imeandika Montessori getini. Nilifurahi kidogo maana nilishasoma habari za Maria Montessori mwenye mfumo huo, yule mama daktari wa Italia aliyeanzisha nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Kumbe hilo jina sehemu nyingi halilindwi kisheria, yeyote anaweza kuliandika. Kwa utaratibu wa Montessori watoto wa miaka 3 mpaka 6 wanachanganywa, na asubuhi wanaachiwa muda mrefu, kama masaa matatu hivi, wafanye kazi zao bila kukatizwa. Pale nilikuta wametengwa kwa umri na kengele inalia kila baada ya muda mfupi. Nikaaga. Na nyingine ni ya mfumo wa IB, mtaala mwingine wa kimataifa, ngazi yao ya wadogo ni ya miaka 3 hadi 12, nilipouliza kuhusu lugha wakanitolea kabisa waraka wao wa sera ya lugha, umeandika mzazi aendelee na lugha yake nyumbani. Nilitamani kulia. Imejaa, tumewekwa kwenye orodha ya kusubiri, na hakuna anayejua zamu yetu itafika lini.

Kwenye kundi la wasapu la wamama sijapata msaada, kila mmoja anasifia alikolipa yeye. Mmoja akaniambia eti mbona wao waliacha lugha yao na mtoto anaongea Kiingereza kama mzungu. Nikamuuliza bibi yake je, akasema wanatumiana picha.

Mama yangu Kiingereza hajui Shangazi. Jioni ndo wanaongea na mjukuu wake kwenye simu, anamwimbia, anamtania anamwita "mume wangu", mtoto anacheka mpaka anaangusha simu. Juzi mama alipopiga, mume wangu alikuwa sebuleni, mtoto akaanza kumsimulia bibi yake mambo ya shule kwa Kiswahili, baba yake akamkatiza, akamwambia aseme kwa Kiingereza. Mama akauliza anasema nini baba? Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Sijamwambia mama ukweli. Ningemwambiaje?

Na hicho ndo kinachonikera zaidi ya hela na zaidi ya shule yenyewe. Mtu amezaliwa kwenye Kiswahili, kanitongoza kwa Kiswahili, akigombana na mimi anagombana kwa Kiswahili, halafu mgeni mmoja ofisini anamwambia acha, anaacha siku hiyo hiyo. Angebisha hata kidogo. Angesema tutalifikiria. Tangu tufike huku nimekuwa nikiona vitu vidogo vidogo, tukiwa kwenye lifti na watu wa kazini kwake ananijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha chetu, nilikuwa nasema ni mazoea ya ofisi, sasa sijui tena, najiuliza kama anatuonea aibu mimi na mtoto au ni woga tu wa mzazi anayetaka mwanae akubaliwe, na ni mtu wa kumuuliza kitu kama hicho uso kwa uso au nitaharibu zaidi. Sijawahi kumuuliza.

Tukiwa wawili na mtoto mchana namsemesha Kiswahili kama kawaida. Simfichi mume wangu, ila pia sijamwambia. Mtoto ameshaanza kujua, akisikia mlango unafunguliwa anabadilika, anasema helo dadi. Ana miaka mitatu na ameshajua kuna lugha ya mama ya kujificha. Hilo silipendi na sijui nilizuie vipi bila kumwambia baba yako amekosea, na sitaki mtoto asikie hivyo kutoka kwangu.

Watu wanasema ningempa tu baba yake heshima yake shule ianze tuone. Sawa, wanaweza kuwa sahihi. Ile shule wakiniandikia leo kwamba wamekosea, kwamba Kiswahili kiendelee nyumbani na wao watamfundisha Kiingereza huko, mimi nampeleka kesho, nakuapia. Au labda sitampeleka. Kuna saa nawaza abaki na mimi mwaka mmoja zaidi, watoto wangapi wameanza shule na miaka mitano na wako salama, halafu nawaza yeye mwenyewe anapenda wenzake, akiona watoto uwanjani anakimbia ananiacha na viatu mkononi.

Kwa hiyo nimefikiria kuwaandikia imeili niwawekee vile vipengele vya EYFS niwaulize kwa nini hawakuniuliza kabla ya kusema yuko nyuma. Imeili nimeshaiandika, iko tayari, sijaituma. Nikiituma mume wangu atasema nimemdhalilisha, kwa sababu yeye alishakubali mbele yao. Nisipoituma ni kama na mimi nimekubali. Niitume peke yangu au nimwonyeshe kwanza, na akinikataza je? Na mama nimwambie nini akipiga leo jioni, maana lazima atapiga.

Hela ya kushika nafasi inatakiwa mwisho Ijumaa, mume wangu amesema atalipa Alhamisi akitoka kazini. Kama unaweza nijibu kabla ya hapo, hata kwa kifupi. Jina langu usilitoe tafadhali, wala nchi tuliyopo, wifi zangu wanakusoma.

Mama Mtoto Mmoja, Ugenini