Mbwa wazururaji wana wenyewe, na tunawajua

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipokuwa karani katika shamba la mkonge, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja, kwa kuamini kwamba wapo wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Habari mliyoichapa mwezi uliopita kuhusu "mbwa wazururaji wasio na wenyewe" hapa Tanga, pamoja na ushauri wa yule mliyemhoji kwamba wapigwe risasi au watupiwe nyama yenye sumu ili wananchi walale kwa amani, imenitoa katika ukimya huo. Naomba nafasi nijibu maneno matatu tu ya habari ile, nayo ni "wasio na wenyewe".

Mimi ninaishi Makorora. Kutoka nyumbani kwangu hadi msikitini ninakutana na mbwa saba kila alfajiri, na wote saba ninajua kila mmoja anakula ukoko wa nyumba gani. Watafiti waliofanya kazi nchini mwetu wameeleza kwa miaka mingi kuwa mbwa wengi wanaoranda mitaani wana kaya zinazowalisha, lakini mimi sikuhitaji utafiti, nilihitaji kukaa barazani tu na kikombe changu cha kahawa. Mbwa hufunguliwa mlango usiku ili akajitafutie, asubuhi hurudi, na mwenye nyumba hufumba macho kwa sababu kumlisha mnyama ni gharama na jalala ni la bure.

Mwaka jana mjukuu wangu wa miaka tisa, akitoka chuoni kusoma Kurani baada ya alasiri, aliumwa na mbwa kwenye shavu la mguu. Wanawake wa jirani walikuja na kila walichokijua, mmoja na majivu, mwingine na jiwe la nyoka, nikawashukuru wote na kuwazuia wote, kisha nikamweka mtoto chini ya bomba na kukiosha kidonda kwa sabuni ya mche kwa dakika 15 nikizihesabu kwa saa ya mkononi, kama wataalamu wa afya wanavyoelekeza. Baada ya hapo nilimpakia kwenye baiskeli tukaenda kutafuta chanjo ya kichaa cha mbwa. Kituo cha kwanza kilikuwa kimeishiwa, na tulichokipata tulikipata kituo cha pili, giza likiwa limekwisha kuingia. Hilo nalo lingestahili barua yake, ila leo nimekuja kwa ajili ya mwenye mbwa.

Mwenye mbwa ni kijana mwenye ghala la vyuma chakavu, si mbali na kwangu. Nilimwendea usiku uleule. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, nikamwambia, "Mwanangu, mbwa wako amemuuma mjukuu wangu, naomba nione cheti chake cha chanjo." Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Mzee, huyo si mbwa wangu, huyo anapita tu." Anapita tu, Ndugu Mhariri! Mbwa anayepita tu ana sufuria lake lililobonyea nyuma ya ghala, ana gunia lake la kulalia, ana jina lake, Simba, na akiitwa kwa jina hilo huja mbio akitikisa mkia. Mwezi mmoja kabla ya hapo wezi walipoingia ghalani wakafukuzwa, kijana huyohuyo alitamba mtaa mzima kwamba "mbwa wangu" si wa mchezo. Basi akifukuza wezi ni wake, akiuma mtoto ni wa serikali ya mtaa. Kesho yake asubuhi Simba hakuonekana. Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye hakujua kuwa ananipa siri, aliniambia kwamba amembeba mbwa ndani ya kiroba hadi shamba moja upande wa Muheza. Sijui kama wasomaji wako wanafahamu maana ya kitendo kile, kwa hiyo naomba niieleze taratibu ingawa mkono unanitetemeka. Mbwa aliyemuuma mtu hutakiwa kufungwa na kuangaliwa kwa siku 10; akizimaliza akiwa hai na mzima, hakuwa na virusi vya kichaa kwenye mate siku alipouma, na aliyeumwa anaweza kuachishwa sindano zilizobaki. Mtoto wetu alichomwa siku ya kwanza, akachomwa siku ya 3, ya 7 na ya 14, na ile ya mwisho, pamoja na machozi yake na fedha yake, ingeweza kuepukwa kama mtu mzima mwenye ndevu angesema ukweli. Na baada ya sindano bado hatukupata usingizi, kwa sababu kichaa cha mbwa huweza kujificha mwilini wiki kadhaa au miezi, na dalili zikishajitokeza hapana dawa, mgonjwa huwa amekwisha. Tulihesabu siku moja moja. Dalili inayojulikana na kila mtu ni kuogopa maji, nasi tuna mtoto ambaye tangu azaliwe hapendi kuoga. Kila alipokataa kuingia bafuni, nyumba nzima ilisimama, na bibi yake aliangua kilio. Mtoto, namshukuru Mungu, ni mzima. Simba alirudi baada ya siku kama arobaini, mnene kuliko alivyoondoka, na usiku huohuo nikamsikia bwana wake akimwita kwa jina.

Sasa mnatuambia dawa ni sumu. Sumu hiyo niliwahi kuiona ikifanya kazi hapa mtaani, ilipotegwa kwenye utumbo wa ng'ombe: walikufa paka wanne, kuku wa mama mmoja mjane na mbwa mmoja tu, tena mbwa mwenye cheti. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuwa kuua mbwa ovyo hakuzuii kichaa, na kinachokizuia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ng'ambo ya maji tuliyoyazoea, kisiwani Pemba, ugonjwa ulikomeshwa kwa chanjo ya mbwa, chanjo ilipolegezwa ukarejea, wakachanja tena ukaondoka. Lakini chanjo inamhitaji mtu wa kumshika mbwa. Daktari wa mifugo anaweza kuja na sindano na barafu yake, akakaa chini ya mwembe tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mbwa aliyekanwa na bwana wake asiletwe na mtu yeyote.

Najua nitajibiwa kwamba sisi wengi hapa ni Waislamu, na mbwa ni najisi, kwa hiyo hatuwezi kumkumbatia. Hapana aliyesema mkumbatieni. Sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, tumefundishwa kuosha chombo kilicholambwa na mbwa mara saba, moja kwa udongo, na mimi ninaosha. Lakini sijaona palipoandikwa kwamba baada ya kuosha chombo tumnyime mnyama maji. Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, tumeisoma sote chuoni, na ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka hadi akafa kwa njaa tumeisoma siku ileile. Mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa ndani ya Sura ya Al-Kahf. Anayeona hawezi kuishi na mbwa kwa sababu ya dini yake asifuge mbwa, na nitamheshimu. Ninayemlalamikia ni yule anayemfuga usiku na kumwona najisi mchana.

Wapo pia wale wa upande wa pili, wenye nyumba za geti, ambao hununua watoto wa mbwa wa Kijerumani kwa fedha ambayo mimi ningelipia ada. Mbwa akiwa mdogo hupigwa picha akiwa amebebwa. Akikua hufungwa kwa mnyororo wa hatua mbili, juani, bila maji, katika joto la Tanga analolijua kila aliyewahi kuteremka hapa mwezi wa pili. Hubweka usiku kucha, na majirani wanaambiwa ndio ulinzi huo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, na mateso ya aina hiyo ni kosa, ila sijasikia mtu wa mtaani kwetu aliyewahi kuulizwa.

Na kwa kuwa nimekwisha kushika kalamu, niseme na la paka. Paka hawaumi watoto sana, kwa hiyo hakuna anayewaandika. Kila baada ya miezi michache mtu hufika soko la samaki la Deep Sea na kiroba kinacholia, akakiacha karibu na mizani, akaondoka akijifariji kwamba pale paka watakula samaki. Watoto wa paka wa wiki tatu hawali samaki, wananyonya. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na mimba yenyewe ni kama miezi miwili, kwa hiyo viroba havitaisha. Nilipomshauri mama mmoja amfungishe kizazi paka wake kwa daktari wa mifugo, alishtuka, akaniambia kumwingilia kiumbe namna hiyo ni dhambi. Kiroba, inaonekana, si dhambi. Paka wangu mwenyewe nilimpeleka, akalala siku moja, siku ya pili akaiba samaki changu jikoni.

Pendekezo langu ni hili, nalo halihitaji mfadhili. Mji huu umejengwa na katani. Basi kila mbwa avishwe shingoni kamba ya katani iliyotiwa rangi, na rangi ibadilishwe kila mwaka anapochanjwa, kuanzia akiwa na miezi mitatu: mwaka huu nyekundu, mwakani kijani. Mtendaji wa mtaa awe na daftari lenye jina la mbwa na la bwana wake katika mstari mmoja. Mbwa akiuma na mtu akamkana, pasiwe na mabishano wala mashahidi: mbwa aletwe mbele ya mjumbe, kila mwenye nyumba wa mtaa amwite mara tatu kwa zamu, na atakayetikisiwa mkia alipe sindano zote nne na nauli ya baiskeli. Mbwa hajui kukana.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo mara nyingi huambatana na chanjo, na mimi nitakuwapo na paka wangu ndani ya kapu, kwa kuwa paka naye huchanjwa. Kamba ya Simba nimekwisha kuisokota kwa mikono yangu, nayo imetundikwa msumarini pale barazani. Mwenyewe aje aichukue, hata akija usiku sitamuuliza kitu.

Babu wa wajukuu sita,
Makorora, Tanga